Tunaposema kaburini kwamba "Mungu amempenda zaidi": uzi kuhusu msiba, tumaini na ufufuo wa Kristo

Mwanzisha uzi (Busia)

Ndugu zangu katika imani, nanyi msioamini mnaosoma hapa kwa nia njema, nafungua uzi huu kwa sababu ya maneno ambayo huyasikia karibu katika kila maziko ninayohudhuria, kuanzia huku mpakani Busia hadi Jinja na Kampala. Mhubiri au msemaji wa ukoo husimama kando ya kaburi, huwatazama wafiwa, kisha husema kwamba Mungu alimpenda marehemu zaidi kuliko sisi tulivyompenda, kwa hiyo tusilie kama watu wanaoipinga kazi yake. Anayesema hivyo hana nia mbaya. Anatafuta neno la kuwafariji watu walioumia, na hilo ndilo alilorithi kwa waliomtangulia. Hata hivyo nimefikia kuamini kwamba neno hilo halitoki katika Injili, na kwamba wapo watu wengi waliolisikia kaburini, wakarudi nyumbani wakiamini kuwa Mungu ndiye aliyemuua mtoto wao, na tangu siku hiyo hawakuweza tena kumwita Baba.

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 15:26, anayaita mauti adui, tena adui wa mwisho atakayebatilishwa. Hayaiti mjumbe wa upendo, wala mlango mzuri wa kupitia. Ikiwa mauti ni adui, basi mama anayelia juu ya jeneza la mwanawe anaona sawasawa kile kilichotendeka, na anayemnyamazisha ndiye asiyeona. Habari njema ya Pasaka ni kwamba adui huyo amekwisha kupigwa katika mwili mmoja, kwenye kaburi moja nje ya Yerusalemu, na kwamba walio wa huyo aliyefufuka watamfuata. Sielewi ni jinsi gani mtu anaweza kuifurahia habari hiyo ikiwa tayari ameshawishiwa kwamba mauti hayakuwa na ubaya wowote.

Tazameni alivyofanya Bwana mwenyewe kule Bethania, katika Yohana 11. Lazaro alikuwa na siku nne kaburini. Martha alipotoka kumlaki Yesu alimwambia kwamba kama angalikuwapo, ndugu yake hangalikufa. Na Mariamu, alipofika baadaye na kuanguka miguuni pake, alisema maneno yale yale, jambo linalonifanya niamini kwamba dada hao wawili walikuwa wameyarudia nyumbani usiku kucha. Yesu hakumkemea hata mmoja wao. Naye, ingawa alikuwa amekwisha kuwaambia wanafunzi kwamba anakwenda kumwamsha Lazaro, na hivyo alijua vizuri kuliko wote pale kwamba kilio kile kingegeuka muda mfupi baadaye, aliugua rohoni, akafadhaika, na akalia machozi mbele ya watu. Kama kujua mwisho wa jambo kungekuwa sababu ya kutolia, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kutolia.

Kuna jambo jingine katika Injili hiyo ambalo nimelitafakari sana. Lazaro alitoka kaburini akiwa amefungwa sanda miguu na mikono, na uso wake umefungwa leso, ikabidi watu wamfungue. Alirudi katika maisha haya haya, na siku moja alizikwa tena. Lakini Petro alipoingia katika kaburi la Yesu, katika Yohana 20, aliviona vitambaa vya sanda vimelala, na ile leso ya kichwani imezongwazongwa mahali pake mbali na vitambaa. Majirani zetu Waganda huwavika wafu wao olubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, na sisi wengine tunatumia sanda nyeupe. Kila mmoja wetu anajua kwamba mavazi hayo hayavuliwi. Yohana anataka tuelewe kwamba Kristo hakurudi nyuma kama Lazaro. Alipita mauti akatokea ng'ambo, mahali ambapo mauti hayamtawali tena.

Nieleze kwa ufupi kwa nini jambo hili si la nadharia kwangu. Mwezi wa Juni 2021, wakati wa wimbi la pili la Korona, nchi ikiwa imefungwa, mume wangu alifariki hospitalini. Aliletwa na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga, ambao walimteremsha kaburini kwa haraka huku sisi tukizuiliwa mbali. Hapakuwa na mkesha, hapakuwa na moto uani, hapakuwa na majirani waliolala kwetu kama ilivyo desturi, na jeneza halikufunguliwa. Kwa muda mrefu sehemu fulani ya akili yangu haikukubali kwamba aliyezikwa ni yeye. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kanisa kwa malezi: nilibatizwa, nikafunga ndoa kanisani, nikatoa sadaka. Imani yenyewe ilinijia baadaye, nikisoma habari ya Mariamu Magdalene aliyesimama nje ya kaburi akilia kwa sababu hakujua walikouweka mwili. Nilimfahamu mwanamke huyo. Hakuwa akidai muujiza. Alidai mwili tu, ili aumalizie heshima zake. Malaika hawakumtuliza, na Yesu mwenyewe alipomwuliza analilia nini, alimdhania kuwa mtunza bustani. Alichokitambua ni jina lake lilipotamkwa: "Mariamu." Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba ufufuo unamhusu mtu mwenye jina, anayejulikana na kuitwa, wala si roho tupu zinazoelea mahali fulani pasipo uso.

Naomba wachangiaji waseme, kwa heshima: je, tunawaambia nini wafiwa wetu, na je, tunachowaambia kinatoka kwa Kristo aliyefufuka au kwa hofu yetu ya kuwaona watu wakilia?

Mchangiaji kutoka Kitgum

Binti yangu, pole sana kwa msiba wako. Mimi ni mzee wa kanisa, na ulipotaja mwili ambao watu hawakupewa, nilimkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, mwana wa Mucwini, ambaye kaburi lake liko karibu nasi.

Vijana wengi wanajua tu kwamba tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa, na imekuwa hivyo tangu 2015. Sisi tunakumbuka zaidi ya hapo. Mwanzoni mwa Februari 1977 askari waliipekua nyumba yake usiku wakidai wanatafuta silaha. Siku chache baadaye maaskofu walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na dhuluma. Tarehe 16 alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, na kesho yake redio ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Waliofungua jeneza huku nyumbani waliona matundu ya risasi. Mwaka huo ulikuwa mwaka wa mia wa Kanisa la Uganda, tangu wamisionari wa kwanza wa Kiingereza walipofika Buganda mwaka 1877, na kanisa lilikuwa likijiandaa kwa shangwe.

Kule Kampala, waumini walikuwa wamechimba kaburi katika uwanja wa kanisa kuu la Namirembe, kando ya kaburi la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Serikali haikuutoa mwili, na ibada ya kumbukumbu ilipigwa marufuku. Mwili uliletwa Mucwini chini ya ulinzi wa askari na kuzikwa huku. Hata hivyo Jumapili iliyofuata maelfu ya watu walipanda kilima cha Namirembe, na baada ya ibada walisimama kulizunguka lile shimo lisilo na mtu ndani yake. Hapo yakawajia maneno ambayo malaika aliwaambia wanawake siku ya Pasaka: hayupo hapa, amefufuka. Wakaimba, na watu waliokuja wakiogopa bunduki waliteremka kilimani wakiwa wamepata nguvu.

Lakini sipendi habari hii isimuliwe kana kwamba makaburi hayo mawili ni sawa. Kaburi la Namirembe lilikuwa tupu kwa sababu askari waliwanyima watu mwili. Janani yuko Mucwini. Nimesimama kwenye kaburi lake mara nyingi, na najua kwamba yumo. Watu wa Namirembe hawakudanganyika juu ya jambo hilo. Waliweza kuimba kwa sababu ya lile kaburi jingine, la Yerusalemu, ambalo hakuna askari aliyelifanya kuwa tupu, maana askari waliwekwa pale kulinda mwili usiondoke. Kwa hiyo nakubaliana nawe, binti yangu. Mtu anaweza kusimama juu ya kaburi lenye mtu ndani yake, akalia, na bado akaimba; lakini ni lazima ajue anaimba kwa sababu ya kaburi lipi.

Mchangiaji kutoka Mbarara

Dada, nimesoma kwa makini na ninakuheshimu, lakini naona unafungua mlango wa huzuni isiyo na mwisho. Paulo huyo huyo aliwaandikia Wafilipi kwamba kwake kufa ni faida, na kwamba anatamani kwenda zake akae na Kristo, maana ni vizuri zaidi sana. Zaburi ya 116 inasema kwamba mauti ya wacha Mungu ina thamani machoni pa Bwana. Katika kanisa letu tunapomzika aliyeokoka tunashangilia, kwa sababu amefika nyumbani. Nimeona matanga yanayochukua majuma, watu wakiomboleza kana kwamba Kristo hakufufuka, na nadhani kilio cha namna hiyo kinaonyesha kwamba imani haipo. Aidha, tusisahau kwamba imani ingeweza kuwaokoa wagonjwa wengi kabla hawajafa.

Mwanzisha uzi (Busia)

Mzee wetu wa Kitgum, asante sana. Tofauti uliyoiweka kati ya makaburi hayo mawili ndiyo niliyokuwa nikiitafuta bila kuipata.

Ndugu wa Mbarara, nakubali kwamba aliyekufa katika Bwana yuko pamoja na Bwana, na kwamba hiyo ni faraja kubwa. Lakini usome mbele kidogo katika barua hiyo hiyo. Katika sura ya kwanza Paulo anazungumzia kifo chake mwenyewe, naye anakiita faida. Katika sura ya pili anazungumzia ugonjwa wa rafiki yake Epafrodito, aliyekuwa karibu kufa, na hapo anasema kwamba Mungu alimrehemu Epafrodito, na kumrehemu yeye Paulo pia, asije akapata huzuni juu ya huzuni. Yule aliyekuwa tayari kufa yeye mwenyewe hakuwa tayari kusema kwamba kifo cha rafiki yake kisingemuumiza. Stefano naye alikufa akiziona mbingu zimefunguka, kifo kitukufu kuliko vyote katika kitabu cha Matendo, na bado sura ya nane inasema kwamba watu watauwa walimzika wakamfanyia maombolezo makuu. Luka anawaita watauwa, wala hasemi kwamba walikosa imani.

Katika 1 Wathesalonike 4:13 Paulo anataka tusihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Huzuni haikukatazwa hapo. Kilichokatazwa ni kuhuzunika kana kwamba hakuna aliyefufuka, na sababu anayoitoa katika mstari unaofuata ni kwamba Yesu alikufa akafufuka.

Kuhusu imani ambayo ingewaokoa wagonjwa, naomba niseme kwa ukali kidogo, maana neno hilo nililetewa nyumbani kwangu majuma machache baada ya maziko. Martha na Mariamu walikuwa na imani, walimtuma mjumbe kwa wakati, Yesu aliwapenda, na bado Lazaro alikufa. Paulo alikuwa na imani ya kutosha, na Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Kumwambia mjane kwamba mumewe amekufa kwa sababu maombi yake yalipungua ni kumtwisha mzigo ambao Kristo hakumtwisha mtu yeyote pale Bethania. Kama kuna mtu anayesoma hapa aliyeambiwa hivyo, namsihi autue mzigo huo leo.

Mchangiaji kutoka Kampala

Mimi siamini, na nimefuatilia uzi huu kwa sababu baba yangu alifariki hivi karibuni na nimechoshwa na hotuba. Mama, hoja zako ni za utu kuliko nilizozoea, lakini zote zinasimama juu ya jambo moja: kwamba mtu mmoja alifufuka. Wafu hawafufuki. Je, si kweli kwamba watu waliompenda sana Yesu walishindwa kukubali kwamba amekufa, wakaona kile walichotamani kukiona? Wewe mwenyewe umesema kwamba akili yako ilikataa kuamini ni mume wako aliyezikwa.

Mwanzisha uzi (Busia)

Ndugu yangu wa Kampala, pole kwa msiba wa mzee. Swali lako ni la haki, na Paulo mwenyewe hakulikwepa. Aliwaandikia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka, basi mahubiri yetu ni bure na imani yetu ni bure. Hakusema kwamba hata kama hakufufuka, mafundisho yake yatatufaa. Aliiweka imani yote juu ya tukio moja ambalo ama lilitokea ama halikutokea, na mimi nakubaliana naye kwamba hakuna nafasi ya katikati.

Umesema waliona walichotamani. Basi soma walichotamani. Wanawake walikwenda kaburini alfajiri wakiwa na manukato, yaani walikwenda kuupaka mwili wa mfu. Waliporudi na kuwaambia mitume, Luka 24:11 inasema kwamba maneno yao yalionekana kuwa kama upuzi, wala hawakusadikiwa. Wale wawili waliokuwa wakienda Emau walisema walikuwa wakitumaini kwamba Yesu ndiye atakayeikomboa Israeli. Walisema hivyo kama watu ambao tumaini lao limekwisha, nao walikuwa njiani kuondoka Yerusalemu. Tomaso alikataa katakata mpaka atie kidole chake katika kovu za misumari. Wayahudi wengi wa wakati huo waliutazamia ufufuo, lakini ule wa siku ya mwisho kwa watu wote pamoja, kama Martha anavyosema; hakuna aliyekuwa akingoja mtu mmoja afufuke katikati ya historia. Hali yangu ilikuwa kinyume cha hiyo: mimi nilikataa kuamini kifo, na wao walikuwa wamekwisha kukiamini kabisa.

Angalia pia ni nani waliotajwa kuwa mashahidi wa kwanza. Katika jamii ile ushahidi wa wanawake haukupewa uzito sawa na wa wanaume, na mtu anayetunga habari ili aaminiwe asingewaweka Mariamu Magdalene na wenzake mbele ya Petro. Kisha kuna barua yenyewe ya kwanza kwa Wakorintho, iliyoandikwa karibu na mwaka 55, yaani takriban miaka 25 tu baada ya kusulubiwa. Humo Paulo anasema kwamba anawapa kile alichokipokea yeye pia: kwamba Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akamtokea Kefa, yaani Petro, kisha wale Thenashara, kisha ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, ambao wengi wao walikuwa wangali hai na hivyo wangeweza kuulizwa, kisha Yakobo, na mwisho yeye mwenyewe. Yakobo alikuwa mmoja wa ndugu zake Bwana, na Yohana 7:5 inasema kwamba ndugu zake hawakumwamini. Paulo alikuwa mtesi wa kanisa. Watu hao wawili hawakuwa na upendo wa kuwafanya waone ndoto.

Sisemi kwamba haya yanamlazimisha mtu, kama hesabu inavyolazimisha jibu. Unaweza kuyapima yote na bado ukasema kwamba wafu hawafufuki, na hapo tutakuwa tumefika mahali ambapo kila mmoja wetu anaamua kama Mungu yupo na kama anaweza kutenda. Kilichonishika mimi zaidi ni kovu. Bwana aliyefufuka alikuja na alama za misumari mikononi mwake na jeraha ubavuni, akamwonyesha Tomaso bila haya. Kama wanafunzi wangekuwa wanajitungia faraja, nadhani wangemtunga Kristo asiye na kovu hata moja. Huyu aliyetokea hakuyafuta mateso ya Ijumaa kana kwamba hayakutokea, na kwa sababu hiyo ninaweza kumwamini kuhusu Juni 2021.

Baba yako alikuwa mtu wako, na uchungu wako ni wa haki. Kama siku moja utataka kusoma Injili ya Yohana taratibu, bila hotuba ya mtu yeyote, anza na sura ya 11.

Mchangiaji kutoka Kasese

Mimi ni Mkatoliki kutoka Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Sisi bado tunaishi na usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi walipovamia shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Bweni la wavulana lilichomwa moto, na baadhi ya watoto waliteketea kiasi kwamba wazazi hawakuweza kuwatambua mpaka vipimo vya vinasaba vilipofanywa. Mama mmoja aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu, na sijui kama padre wetu angeweza: mwili ulioteketea namna hiyo utafufukaje? Sisi tunawaombea marehemu wetu katika Misa, hasa tarehe 2 Novemba, na jambo hilo hutusaidia sana, lakini swali la mama yule limebaki.

Mwanzisha uzi (Busia)

Ndugu wa Kasese, sala zenu za Novemba nimezihudhuria kwa jirani zangu, na ingawa kanisa langu lina mapokeo tofauti, sitaki kubishana juu yake mahali hapa.

Swali la mama huyo ni la zamani kama kanisa lenyewe. Wakorintho walimwuliza Paulo: wafu wafufuliwaje, nao huja kwa mwili gani? Alijibu kwa mfano wa mbegu: unachopanda si ule mwili utakaokuwa, ila chembe tupu, na Mungu huipa mwili kama apendavyo. Anachokisisitiza ni kwamba Mungu hategemei kiasi cha mwili kilichobaki. Hata Lazaro ambaye hakuungua alikuwa ameanza kuoza, na miili ya wale waliozikwa miaka 1,000 iliyopita imekwisha kuwa udongo. Kama Mungu anahitaji mabaki ili afufue, basi sote hatuna tumaini, waliochomwa na wasiochomwa. Na kama hahitaji, basi moto wa Mpondwe haukumpokonya chochote. Anamjua kila mtoto kwa jina lake, hata pale ambapo mama yake mwenyewe hakuweza kumtambua kwa uso.

Wakristo wa Uganda walilazimika kuliamini jambo hili mapema sana. Kiswahili hiki tunachoandikia hapa ndicho ambacho baadhi ya wasomaji wa kwanza wa Buganda walikitumia kusoma Injili, kabla haijachapishwa kwa Kiganda, na mara tu baada ya kusoma walitakiwa kuonyesha kama wanasadiki. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana, siku ya Alhamisi, na Alhamisi hiyo ilikuwa sikukuu ya Kupaa Bwana. Siku ambayo kanisa linakumbuka kwamba mwili wa mwanadamu, wenye kovu, uliingia mbinguni, vijana hao walikuwa wakifungwa katika mafungu ya matete ili wageuzwe majivu. Sidhani kwamba walikuwa na maelezo ya jinsi majivu yanavyofufuka. Walikuwa na Kristo aliyepaa akiwa na mwili wake, na hilo liliwatosha kuingia motoni. Wanaotembea kwa miguu kutoka kwenu Kasese, kutoka Kenya na Tanzania, kwenda Namugongo kila Juni, wanakwenda mahali ambapo swali la mama huyo liliulizwa kwa moto ule ule.

Lakini usimwendee na maelezo haya yote siku moja. Mwambie kwanza kwamba Mungu hakuwatuma watu wale na mapanga yao. Mwambie kwamba aliyeuawa Kalvari aliuawa vilevile na watu wenye silaha, na Baba yake akamfufua. Mengine yatafuata akiuliza.

Mchangiaji kutoka Tororo

Samahani kuingia mwishoni. Jumamosi hii tunamzika binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka tisa, na familia imenipa mimi dakika kumi za kusema kaburini kwa niaba ya ukoo. Nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba Mungu huchuma maua yaliyo mazuri zaidi katika bustani yake. Sasa nimeyafuta na sina cha kusema.

Mwanzisha uzi (Busia)

Pole sana, ndugu yangu, wewe na dada yako na nyumba nzima. Dakika kumi ni nyingi, tano zinatosha.

Anza kwa kulitaja jina la mtoto, na useme mambo mawili au matatu ambayo yeye tu ndiye aliyekuwa akiyafanya, ili watu wajue ni nani tunayemzika. Kisha useme wazi kwamba kilichotokea ni kibaya, na kwamba Yesu alilia kwenye kaburi la rafiki yake, kwa hiyo hakuna mtu hapo anayezuiwa kulia. Usieleze kwa nini amekufa, maana hatukuambiwa, na mtu yeyote akikushinikiza ueleze, kataa kwa upole. Halafu soma Yohana 11, kuanzia mstari wa 21 mpaka wa 27, pale Bwana anapomwambia Martha kwamba yeye ndiye ufufuo na uzima. Soma taratibu, kwa lugha ambayo dada yako huomba nayo, iwe Kijapadhola, Kiteso au Kiswahili. Ukimaliza kusoma, useme kwamba Yesu alimwita Mariamu kwa jina kaburini, na kwamba unaamini atamwita na mtoto huyu kwa jina lake. Lisemee hilo kwa imani yako mwenyewe, na kama imani yako ni ndogo siku hiyo, useme kwamba hii ndiyo imani ya kanisa na wewe unaishikilia.

Muulize dada yako mapema, Ijumaa jioni, kama angependa kusema neno au kumwimbia mtoto wake. Akikubali, mpe nafasi kabla yako, na mtu mmoja asimame karibu naye amshike mkono. Asipotaka, endeleeni na ibada. Na mwezi wa pili na wa tatu, wageni wakiisha kuondoka na viti vya kukodi vikiisha kurudishwa, nenda ukaketi naye, na umruhusu kumtaja mtoto kila anapotaka.

Nitakuwa nikiwaombea kuanzia leo. Ukiweza, tuandikie hapa Jumapili utuambie yeye anaendeleaje.